Mtu Mmoja wa Kuambiwa

Tairi lilikuwa limejaa upepo.

Koplo Nanyama aliligusa kwa ncha ya kiatu, kisha akachuchumaa na kulibonyeza kwa kidole gumba. Tairi la nyuma, upande wa kushoto. Lilikuwa gumu. Gari lenyewe, Probox nyeupe iliyopakaa matope mpaka kwenye vioo, lilikuwa na siku mbili tangu livutwe hadi uwanja wa kituo, na matairi yote manne yalikuwa yamesimama sawa. Kwenye lile la kushoto palichomoza kipande kidogo cha mpira mweusi, mahali fundi alipoziba pancha.

Ndani ya selo, hatua kumi kutoka hapo, mzee Absalom alikohoa.

Nanyama hakugeuka. Juzi asubuhi yeye ndiye aliyemtia pingu. Absalom alikuwa msimamizi wa gesti ndogo ya Asembo Bay, na siku hiyo mama mkwe wake alikuwa amekuja kumtembelea binti yake. Kwa Wajaluo, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, hata sauti haipandishi. Absalom hakubisha, wala hakuvuta mkono. Alisema tu, "Madam, nipeleke nyuma ya nyumba kwanza. Unifungie huko." Nanyama alimfungia pale pale uani, na yule bibi akavuta leso akajifunika uso asione.

Simu ililia. Alikuwa Inspekta Waliaula, mkubwa wake.

"Koplo, faili ya huyu mzee iko kwa mwendesha mashtaka. Saa nane mchana tunampandisha kortini Bondo. Wizi wa kimabavu, betri za sola."

"Naomba nikamwone msichana tena, afande. Amelazwa Kisumu."

"Kwani kuna nini tena? Si aliandika jina mwenyewe?"

"Aliandika usiku ule, damu bado inamtoka. Alisema mtu alimwambia tairi limeisha upepo. Mimi niko hapa na tairi. Halijaisha."

"Basi mwizi alidanganya. Wezi hudanganya, Nanyama."

"Ndiyo, afande. Lakini alijuaje adanganye na tairi, wakati moja kweli limezibwa pancha?"

"Saa nane," Waliaula akasema. "Si saa nane na robo."

*

Emmaculate Adero alikuwa ameketi kitandani, taya limefungwa kwa waya, jicho moja limevimba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa friza za sola ambazo wavuvi huhifadhia samaki. Kila baada ya miezi mitatu alizunguka fuo zote za Ziwa Victoria upande wa Kenya, kutoka Port Victoria mpaka Muhuru, siku kumi, yeye na gari lake. Safari hii aliishia siku ya tatu.

Hakuweza kusema. Nanyama aliuliza, yeye akaandika kwenye daftari lililokuwa gotini.

"Niambie tena usiku ule. Aligonga saa ngapi?"

*Saa mbili na nusu.*

"Alisema maneno gani? Niandikie kama alivyosema, usipunguze."

Kalamu ilikwenda polepole. *Alisema, Madam, ile tairi uliziba Bondo imeisha upepo tena, toka uione.*

Nanyama alisoma mara mbili. Katika taarifa ya kwanza hapakuwa na Bondo. Palikuwa na tairi tu, na jina la Absalom, na sahihi yake yeye mwenyewe Nanyama chini.

"Ulimwona uso?"

*Alinimulika tochi machoni. Halafu spana ya taya.*

"Sasa ulijuaje ni Absalom?"

Emmaculate alimtazama kwa lile jicho zima, kisha akaandika kwa muda mrefu. *Nilidhani. Usiku mimi sifungui mlango. Nilifungua kwa sababu alijua mambo ya Bondo. Nikasema lazima Milka amempigia msimamizi simu, amwambie aniangalilie tairi. Dada yangu ana wasiwasi hivyo. Msimamizi pale ni Absalom.*

"Wewe mwenyewe ulimwambia Absalom habari za pancha?"

*Hapana. Nilifika tairi ikiwa sawa. Ningemwambia ya nini?*

"Naweza kuona mwanzo wa daftari?"

Emmaculate alilisukuma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Ulikuwa na masharti, yameandikwa kwa kalamu tofauti tofauti, kama yalivyomjia miaka yote ya barabara. Jua lisizame nikiwa njiani. Tangi lisishuke nusu. Gari liegeshwe likitazama geti. Nikiulizwa na nisiyemjua naenda wapi, nitaje mji ambao siendi. Nisisimame kwa anayepunga mkono, hata akiwa na mtoto. Chumba nikione kabla ya kukichukua, nijaribu kufuli mara mbili. Mtu mmoja tu ajue nilipo, kila kituo, kila chumba.

"Hili la mtu mmoja. Ni Milka?"

*Dada yangu. Namtumia sauti kila nikifika.*

"Na siku hiyo ulimtumia nini?"

*Msumari Bondo. Asembo. Chumba namba tano.*

Nanyama alifunga daftari. Emmaculate akalivuta haraka, akaandika tena, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

*Yeye hapana. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na miwili.*

"Sijasema ni yeye."

*Sura yako imesema.* Halafu, chini yake: *Usimtishe. Ana presha.*

*

Kwenye ngazi za hospitali Nanyama alipiga simu Bondo, kwa fundi wa pancha aitwaye Aqil. Namba yake ilikuwa kwenye risiti iliyookotwa ndani ya gari.

"Probox nyeupe? Ya dada wa friza? Namkumbuka, afande. Alisimama juu yangu kama mwalimu wa mtihani. 'Toa msumari nione. Sasa paka sabuni nione kama inatoa povu.' Nikamwambia, dada, hii kazi nimeifanya kabla hujaota meno."

"Alikwambia anakwenda wapi?"

"Kisumu. Alisema anawahi harusi Kisumu."

"Una hakika?"

"Hata nilimwambia anipakulie pilau. Kwani hakufika?"

"Usiku wa kuamkia juzi ulikuwa wapi, Aqil?"

"Wallahi afande, mimi nina mguu wenye plasta mwezi wa pili sasa. Nafanya kazi nimekaa. Uliza Bondo nzima."

Nanyama aliuliza, si Bondo nzima, askari mmoja tu wa kule. Plasta ilikuwepo.

Alisimama pale ngazini. Aqil alijua tairi lakini hakujua chumba. Absalom alijua chumba lakini hakujua tairi. Mtu aliyegonga alijua vyote viwili, na duniani vyote viwili vilipelekwa kwenye simu moja tu.

Ilikuwa saa tatu na nusu.

*

Milka alikaa Migosi, mtaa wa Kisumu, kwenye ploti ya vyumba sita vilivyopangana, ukuta kwa ukuta. Mlango wake ulikuwa na pazia la kushonwa kwa mkono na kibandiko cha kanisa juu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Alimkaribisha Nanyama kiti kizuri, yeye akakaa kwenye stuli.

"Anaendeleaje? Jana hawakuniruhusu kuingia."

"Anaandika. Anasema nisikutishe, una presha."

Milka akaanza kulia bila sauti. Alijipangusa kwa upindo wa kitambaa.

"Milka, ile jioni alikutumia ujumbe wa sauti. Bado uko nao?"

"Simu yangu ilijaa, madam. Nikafuta vitu."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi asubuhi, baada ya kuambiwa ameumizwa?"

"Sikumbuki saa."

"Ulimpigia simu msimamizi wa gesti?"

"Mimi? Hapana. Sina hata namba yake."

"Ulimwambia mtu yeyote dada yako analala wapi?"

"Hakuna." Ilitoka upesi. "Emma alinikataza. Alisema, Milka, hata mume usimwambie. Na mume mwenyewe sina, alienda zake Kitale. Nimwambie nani?"

Kabla Nanyama hajauliza tena, pazia lilisogezwa na mama wa makamo akaingia na chupa ya uji kwapani. Alikuwa jirani wa chumba cha pili, Habiba, muuza mahamri.

"Hodi hodi! Mama Vera," alimwambia Milka, "nimekuletea uji, najua hujatia kitu tumboni. Ah, una mgeni. Wa kanisani?"

"Wa polisi," alisema Nanyama.

"Alhamdulillahi, basi mshikeni huyo mnyama. Msichana wa watu!" Habiba aliweka chupa mezani, akaanza kutafuta kikombe kama yuko kwake. "Mimi simjui kwa sura, afande, lakini safari yake naijua kuliko ninavyojua safari za mume wangu."

"Unaijuaje?"

"Kuta za Migosi ni karatasi! Mama Vera na watu wake wa maombi, asubuhi na jioni, simu imewekwa sauti ya juu. Leo ametoka Usenge, Bwana mtangulie. Leo amepata msumari Bondo, Shetani ashindwe. Leo yuko Asembo, funika chumba kwa damu. Mimi nami huku kwangu nasema amin. Dua haina mlango, au vipi?"

Habiba alimtazama Milka, akatazama mikono ya Milka, akaacha kumimina.

"Nimesema nini?"

"Wacha uji hapo, Habiba," alisema Milka. "Asante, ero kamano. Wacha tu hapo."

Habiba alitoka kinyumenyume, na kwa mara ya kwanza pengine tangu ahamie ploti ile, akavuta mlango pamoja na pazia.

Nanyama alingoja. Kwenye mafunzo waliambiwa anayengoja hupewa zaidi kuliko anayeuliza.

"Ni kikundi cha maombi ya simu," Milka alisema mwishowe, akiitazama sakafu. "Tuko mia mbili na kitu. Mtu akisafiri, tunamwombea rehema za safari."

"Mkitaja chumba?"

"Pasta wetu husema usiombe kwa ujumla. Ukiombea mgonjwa, taja ugonjwa. Ukiombea msafiri, taja barabara. Taja gari."

"Uliwatumia sauti za Emmaculate, zenyewe kama zilivyo?"

"Zenyewe."

"Siku zote tatu?"

"Hata safari ya mwezi wa tano. Zote."

"Kuna aliyekuuliza zaidi?"

Milka akachukua simu kutoka chini ya mto wa kitanda alipokuwa ameificha, akatafuta, akamkabidhi Nanyama bila kuitazama. Kikundi alikuwa amekifuta na kutoka. Lakini nje ya kikundi palibaki mazungumzo mafupi na mtu aliyeandikwa Ndugu Griffin Maombi. Jumbe zilitumwa jioni ile ya tukio, kuanzia saa kumi na mbili na dakika kumi.

*Dada Milka, Bwana asifiwe. Nimebeba mzigo wa dada yetu. Nitaje gesti gani kwenye maombi?*

Milka alikuwa amejibu jina la gesti.

*Amina. Na chumba? Tukifunike kwa jina.*

*Namba tano. Ya mwisho karibu na ziwa. Gari liko nje na betri za sola ndani, zote mpya. Zidi kumwombea.*

*Nazidi.*

"Huyu Griffin ni nani?"

"Alijiunga mwezi jana. Anauza betri na sola za mtumba, soko la Kibuye hapa Kisumu." Sauti ya Milka ilikuwa imekauka. "Madam, niliposikia ameibiwa betri, nilijua. Hapo hapo nilijua. Nikafuta."

Kutoka Kibuye mpaka Asembo ni saa moja na nusu kwa pikipiki. Nanyama alihesabu kimya kimya. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa saa kumi na mbili na robo. Muda ulitosha na kubaki.

Alipiga picha zile jumbe, akazituma, akampigia Waliaula. Inspekta alisoma wakiwa bado kwenye simu, akahema kwa nguvu.

"Natuma polisi wa Kisumu waende Kibuye sasa hivi. Namba za betri unazo?"

"Ziko kwenye faili."

"Sawa. Lakini mwendesha mashtaka hawezi kumwachia mtu kwa picha za simu. Niletee taarifa ya huyo dada, imeandikwa, imesainiwa. Aseme habari zilitokaje kwake. Bila hiyo, mzee anapanda."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Njia ya Bondo bado ilikuwa mbele.

"Mzee gani?" aliuliza Milka simu ilipokatwa.

"Absalom. Msimamizi wa gesti. Yuko ndani tangu juzi kwa ajili ya kazi ya Griffin."

"Sikujua kuna mtu ndani."

"Hukuuliza." Nanyama alitoa karatasi kwenye mkoba, akazipanga mezani kando ya uji. "Mimi nami sikuuliza. Nilimtia pingu mbele ya mama mkwe wake. Aliniomba nimpeleke nyuma ya nyumba. Sikumpeleka."

Milka, Mjaluo mwenzake Absalom, aliziba mdomo kwa mkono. "Wuololo," alisema. "Mbele ya mama mkwe."

"Sasa tuandike."

Waliandika. Nanyama aliuliza, Milka akajibu, kalamu ikaenda. Jina, umri, ploti. Uhusiano na mlalamikaji. Saa alizopokea sauti, saa alizozituma. Maswali ya Griffin, neno kwa neno. Siku ya kufuta. Milka hakukwama popote. Alijibu kama mtoto anayesoma somo alilolikariri, na Nanyama akamaliza ukurasa wa pili kabla ya saa tano.

"Nitakusomea. Ukikubali, weka sahihi chini ya kila ukurasa."

"Hii karatasi itasomwa kortini?"

"Itasomwa."

"Na Emma atakuwepo?"

"Yeye ndiye mlalamikaji. Atakaa mbele."

Milka alitikisa kichwa taratibu. Nanyama akasoma. Mstari baada ya mstari, kwa sauti ya kawaida ya kituoni, isiyopanda wala kushuka. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili alisoma, "'Nilituma sauti za dada yangu kwenye kikundi ili wamwombee asafiri salama.'"

"Hapo," alisema Milka.

"Hapo nini? Ndivyo ulivyosema."

"Ndivyo nilivyosema."

Alikuwa ameshika kalamu tayari. Aliizungusha vidoleni. Ng'ambo ya ukuta Habiba alisogeza sufuria, akaiacha.

"Madam, ningetaka wamwombee, ningetaja jina lake tu. Mungu hahitaji namba ya gari."

Nanyama alitazama saa ya mkononi, kisha akaigeuza ndani ya mkono asiione.

"Wale watu wana ushuhuda kila siku. Huyu mtoto wake yuko Qatar. Yule amejenga nyumba ya mawe. Huyu mume amemnunulia kiwanja Riat. Mimi miaka sita naandika amina. Amina, amina, amina. Sina mume, sina kiwanja. Kama niko au siko, hakuna aliyeuliza. Halafu Emma akanunua gari. Siku ya kwanza niliyotuma sauti yake, watu arobaini walinijibu. Arobaini! 'Kumbe dada yako ni fundi. Kumbe anaendesha mwenyewe.' Nikawa nangoja sauti zake kama dawa. Akichelewa namuuliza, umefika wapi, chumba kikoje, umebeba nini leo. Anadhani nina wasiwasi."

Chozi lilidondoka kwenye karatasi, likavimbisha herufi moja. Milka alilifuta kwa kidole na kuharibu zaidi.

"Karatasi inatosha hivi ilivyo," Nanyama alisema polepole. "Kwa Absalom, inatosha. Kesi ya Griffin haihitaji zaidi ya hapa."

"Na Emma?"

"Hilo si la polisi."

Milka aliivuta karatasi upande wake. Akaweka ncha ya kalamu kwenye lile neno, *wamwombee*, akalikata kwa mstari mmoja, taratibu, mpaka mwisho wa sentensi. Kisha akamrudishia Nanyama kalamu.

"Andika wewe, mwandiko wangu ni mbaya," alisema. "Andika sikuwa namwombea. Nilikuwa naringa naye."